Muhuri wa Mnusaji Mkuu

Jina la nchi hii sitalitaja. Si kwamba naogopa, la hasha. Kutaja jina la nchi kunahitaji kibali, na ofisi ya vibali ina wiki ya tatu sasa ipo kwenye semina ya namna ya kufungua ofisi. Msomaji aniwie radhi kama atahisi amewahi kupita huko.

Ilikuwa nchi yenye mpango mzuri sana wa chakula. Mahindi yote ya serikali yalihifadhiwa katika Ghala la Taifa, na kabla hayajapelekwa shuleni, hospitalini na magerezani, ilibidi yapimwe kama yana kuvu. Mashine ya kupimia ilikuwepo, tena mpya, ya kisasa kabisa. Ilikuwa ndani ya sanduku lake la mbao kwa mwaka wa kumi na moja, ikisubiri mgeni rasmi wa kuizindua. Kila mgeni rasmi aliyepangwa alihamishiwa wizara nyingine kabla utepe haujapatikana. Kwa hiyo, kwa muda tu, mahindi ya nchi nzima yalipimwa kwa pua ya Hemedi Chambuso.

Pua yenyewe ilistahili kazi hiyo. Ilikuwa pana, nene, imekaa katikati ya uso kama mwenye nyumba. Aliirithi kwa marehemu baba yake, ambaye wakulima wa bonde zima walimpelekea mbegu azinuse kabla ya kupanda. Hemedi alichoma bambo, kile chuma chembamba cha kutolea punje, ndani ya gunia, akachomoa punje, akazimimina kiganjani, akazisogeza puani na kufumba macho. Akisema "Safi," wapishi waliinjika masufuria bila wasiwasi. Akisema "Toa," gunia lilitolewa, hata kama limetoka shambani kwa mkubwa. Kisha aligonga muhuri wa duara wenye neno moja tu: IMENUSWA. Kwa miaka kumi na moja hakuna mtoto aliyeugua kwa mahindi ya serikali, jambo lililowashangaza hata wizarani.

Pale ghalani palikuwa na mfagizi, Bi. Desderia, mama wa miaka sitini na kitu, aliyekuwa akilea mjukuu wake Edina tangu binti huyo akiwa mchanga. Kila asubuhi Hemedi alimkuta ameinama na ufagio wake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hiyo pua imeamkaje?"

"Imeamka salama."

"Basi nchi itakula," alisema Bi. Desderia, akaendelea kufagia.

*

Sasa ikatokea kwamba Wizara ya Shibe, maana ndiyo iliyosimamia mambo ya chakula, iliamua kumtambua Hemedi. Akapandishwa cheo, akawa Mkurugenzi Mnusaji Mkuu. Pamoja na cheo zilikuja nyaraka. Waraka mmoja ulieleza kwamba Mkurugenzi haamkii mtu, huamkiwa, bila kujali umri wa anayemwamkia. Mwingine ulieleza kwamba picha ya Mkurugenzi itatundikwa katika ofisi zote za wizara, mia tatu na kumi na mbili kwa idadi.

Picha ikapigwa, ikapelekwa mbele ya Kamati ya Picha Rasmi. Wajumbe wakaitazama, wakatazamana. Mwenyekiti akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Ndugu wajumbe," alisema, "mnaona ninachokiona? Kivuli cha pua kimeangukia Nembo ya Taifa."

Na kweli. Nyuma ya bega la Hemedi palikuwa na Nembo ukutani, na kivuli cha pua kilikuwa kimefunika ngao hadi usawa wa mkuki.

"Tukikiacha kivuli hiki leo kwenye Nembo," mwenyekiti aliendelea kwa uchungu, "kesho kitafika kwenye Katiba."

Mpiga picha, mtu asiye na elimu ya uongozi, alipendekeza taa isogezwe kidogo kushoto. Kamati ilimwonea huruma. Taa ilikuwa mali ya serikali, imeandikwa katika daftari la mali zisizosogezwa, na kuisogeza kulihitaji kikao cha Bodi ya Taa, ambayo haikuwa na akidi tangu wajumbe wake wawili walipostaafu. Pua, kwa upande mwingine, haikuwa katika daftari lolote. Ikaazimiwa kwa kauli moja kwamba pua ipunguzwe.

Hapa lazima niseme ukweli, maana Hemedi mwenyewe baadaye hakujificha nyuma ya mtu. Hakulazimishwa. Alipewa fomu na siku moja ya kufikiri. Akaenda nayo nyumbani, akasimama mbele ya kioo, na kwa mara ya kwanza katika miaka arobaini na minne akaitazama pua yake kwa macho ya kamati.

"Hemedi," mkewe Zamda aliuliza akiwa jikoni, "umepandishwa cheo kwa sababu ya nini?"

"Kwa sababu ya pua."

"Na sasa wanataka kukata nini?"

"Si kukata, Zamda. Kupunguza."

"Haya," alisema Zamda, akarudi kwenye sufuria yake.

Alisaini. Tena alisaini kwa furaha, huku akiwakumbuka wenzake wa darasa la nne waliokuwa wakimwita Bomba la Moshi, na akiwawazia wakiingia ofisi ya wizara na kuikuta sura yake ukutani, nadhifu, ikiwatazama kutoka juu. Furaha ile ndiyo iliyokuja kumuuma kuliko kisu.

*

Upasuaji ulifanywa na Daktari Msengi wa Kliniki ya Sura Rasmi, na bandeji zilipofunguliwa baada ya wiki mbili, kamati ilipiga makofi. Pua ilikuwa nyembamba, imenyooka, ncha imeinuka kidogo. Picha ikapigwa upya, kivuli kikaishia begani, ofisi mia tatu na kumi na mbili zikapata Mkurugenzi wa kutundika.

Tatizo lilikuwa hewa. Tundu la kulia liliziba kabisa. La kushoto liliruhusu hewa kidogo kwa masharti, nayo kila ilipopita ilipiga mluzi. Katika kikao cha kwanza cha wakurugenzi, walinzi walidhani ule ni mluzi wa msafara wa Waziri, wakafungua geti mara tatu na kupiga saluti kwa barabara tupu. Hemedi akajifunza kupumulia mdomo. Ulimi ukamkauka, midomo ikampasuka. Kula nako kukawa kazi, maana mdomo mmoja hauwezi kutafuna na kupumua kwa wakati mmoja. Alitafuna, akasimama, akahema, akatafuna tena.

Hayo angeyavumilia. Lakini adhuhuri moja alikuwa amekaa karibu na jiko akisoma gazeti, mara Zamda akaingia mbio kutoka uani.

"Hemedi! Maharage yanaungua na wewe umekaa hapohapo?"

Moshi ulikuwa umemfika magotini. Hemedi akauangalia moshi, akamwangalia mkewe, akasema alikuwa akiwaza mambo ya taifa. Zamda akaepua sufuria. Alikuwa ameshaelewa, na Hemedi alijua kwamba ameshaelewa, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kulisema.

Kesho yake akaenda kwa daktari.

"Sipumui vizuri," alisema. "Wala sisikii harufu. Ya kitu chochote."

Daktari Msengi akafungua faili. "Fomu uliyosaini ni ya muonekano, Mkurugenzi. Muonekano umekamilika. Kupumua hakukuwemo kwenye fomu."

"Daktari, mimi kazi yangu ni kunusa."

"Hilo nalo halikuwemo."

"Basi nirudishie ile ya zamani." Alijisikia mjinga kulisema, lakini alilisema. "Vile vipande mlivyovitoa, mmeviweka wapi?"

"Vilishafutwa kwenye orodha," alisema daktari kwa upole. "Kitu kikishafutwa kwenye orodha, hata kikiwepo hakipo."

Hemedi alitoka pale akiwa amechoka. Njiani aliona kituo kidogo cha wizara, na kupitia dirishani akaona picha yake. Ilikuwa picha nzuri sana. Akatamani kuingia aigeuze iangalie ukuta.

*

Kwa mwezi mzima alibahatisha. Aliangalia rangi ya punje, akazitafuna, akasikiliza zikigongana kiganjani. Mahindi ya msimu ule yalikuwa mazuri na bahati ikambeba, naye akaanza kujidanganya kwamba labda pua haikuwa na maana kubwa kama watu walivyodhani.

Ndipo yakaletwa magunia mia mbili kutoka ghala la kusini, ambalo paa lake lilikuwa limetoboka na matengenezo yake yalikuwa yakisubiri mgeni rasmi. Yalitakiwa kwenda siku hiyohiyo Shule ya Bweni ya Wasichana ya Kilele. Na siku hiyo gazeti la serikali lilikuwa limetuma watu wake kuja kupiga picha pua mpya ikiwa kazini.

Bi. Desderia alikuwa mlangoni na ufagio wake.

"Shikamoo, Mkurugenzi," alisema.

Hemedi alitaka kumzuia, lakini karani wa nyaraka alikuwa amesimama palepale. "Marahaba," aliitika.

Mama yule akasogea, akashusha sauti. "Mkurugenzi, mahindi haya yana kuvu. Uvundo umeanzia kwenye lori. Usiyapitishe, mwanangu. Edina wangu anasoma Kilele."

Hemedi akachoma bambo, akazipata punje, akazileta puani, akafumba macho. Hakusikia kitu. Kwa nje punje zilikuwa nyeupe, hazina doa. Nyuma yake kamera zilikuwa zinasubiri. Angeweza kusema "Toa," lakini angeulizwa amesikia harufu gani, na angelazimika kusema si yeye aliyesikia, ni mfagizi. Na hapo nchi nzima ingejua kwamba Mnusaji Mkuu hana pua. Akajiambia kwamba mtu anayevuta vumbi kutwa nzima hawezi kujua harufu. Alijua ni uongo hata alipokuwa akijiambia.

"Wewe ni mfagizi, Bi. Desderia," alisema kwa sauti ya kusikika. "Fagia."

Akagonga muhuri. Kesho yake gazeti lilichapisha picha ukurasa wa mbele, na kila mtu alikubali kwamba pua ilitoka vizuri.

*

Siku ya tisa habari zikafika. Wasichana thelathini na wanane wa Kilele walikuwa hospitalini, wanatapika, macho yamekuwa ya manjano. Wawili walikuwa wameshafariki. Waziri wa Shibe akazungumza redioni.

"Ndugu wananchi," alisema, "uchunguzi wa awali unaonyesha kwamba watoto wetu wamepatwa na shibe ya ghafla. Ni miili ambayo haikuzoea ubora. Serikali inawapongeza kwa kuwa wa kwanza."

Hemedi aliyatafuta majina ya wale wawili, akayakuta kwenye kona ya gazeti chini ya tangazo la mashindano ya bendi. Getruda na Mwajabu. Mmoja miaka kumi na minne, mwingine kumi na mitano. Nafsi ilimsuta kwa sauti ileile aliyoitumia yeye ghalani: fagia, fagia. Alijua ni nani aliyewaua wale watoto, alijua alikuwa amevaa suti gani siku hiyo.

Ikaundwa Tume ya Kuchunguza Harufu. Tume ilifanya kazi kwa kasi ya kusifiwa. Magunia yalikuwa na muhuri wa IMENUSWA. Kwa hiyo mahindi yalikuwa mazima wakati wa kunuswa. Kwa hiyo uvundo uliingia baadaye. Na mtu wa mwisho kupita na kitu juu ya sakafu ya ghala alikuwa mfagizi. Bi. Desderia akakamatwa, na ufagio wake ukachukuliwa kama kielelezo namba moja. Alipokamatwa alikuwa hospitalini, kitandani kwa Edina, anamnywesha uji kwa kijiko.

Siku ya kwanza Hemedi alisema ataongea kesho. Siku ya pili alisema ni vizuri asubiri Tume ianze, ili mambo yaende kwa utaratibu. Siku ya tatu Zamda alimwekea chakula mezani, akasimama.

"Yule mama kijiko chake amekishika nani sasa?" aliuliza.



*

Ukumbi wa Tume ulijaa. Mwenyekiti alikuwa yuleyule wa Kamati ya Picha Rasmi, kwa kuwa alikuwa na uzoefu wa kuwa mwenyekiti. Ufagio ulilazwa juu ya kitambaa cheupe. Bi. Desderia alikuwa kwenye benchi, peku, maana kandambili zake zilikuwa kielelezo namba mbili.

"Mkurugenzi Mnusaji Mkuu," alisema mwenyekiti, "tafadhali kinuse kielelezo, uieleze Tume kama ndicho kilichoyaambukiza mahindi uvundo."

Hemedi akauinua ufagio, akausogeza usoni. Bi. Desderia alikuwa anamtazama. Hakuwa na hasira machoni. Alikuwa anasubiri tu, na kule kusubiri kulimshinda Hemedi.

"Sisikii harufu," alisema.

"Sauti, Mkurugenzi."

"Sisikii harufu yoyote! Si ya ufagio, si ya mahindi, hata maharage yakiungua sisikii. Tangu mnipasue, pua hii haifanyi kazi. Siku ile mama huyu aliniambia mahindi yana kuvu. Nilimsikia vizuri. Nikagonga muhuri kwa sababu niliona aibu kusema sina pua. Getruda na Mwajabu nimewaua mimi. Mwacheni mama wa watu."

Pua ya Hemedi ikapiga mluzi mwembamba, na mlinzi wa mlangoni, kwa mazoea, akafungua mlango na kupiga saluti.

Wajumbe wakanong'onezana. Kisha mwenyekiti akasimama na karatasi.

"Kwa mujibu wa waraka wa picha rasmi," alisoma, "Mkurugenzi ambaye picha yake imeshatundikwa, viungo vyake vyote huhesabiwa kuwa vinafanya kazi. Basi mtaalamu akituambia hasikii harufu, Tume inapokea kwamba harufu haipo. Ufagio hauna harufu. Mama huyu aachiwe. Mahindi hayana harufu. Wizara haina kosa. Maneno yaliyobaki yaandikwe kuwa ni unyenyekevu wa kiongozi."

Makofi yakapigwa.

"Nimeua watoto!" Hemedi alipiga kelele.

"Unyenyekevu mkubwa," alisahihisha mwenyekiti, na makofi yakaongezeka.

Aliandika barua ya kujiuzulu. Ikarudi: kujiuzulu kungelazimu picha mia tatu na kumi na mbili kushushwa, na ngazi za kupandia nazo zilikuwa kwenye daftari la mali zisizosogezwa. Akautumbukiza muhuri chooni. Wizara ikachonga mwingine, na siku hizi unagongwa na mhudumu wa chai. Hata mashine ilizinduliwa hatimaye. Mgeni rasmi alikata utepe, akapigiwa vigelegele, na mashine ikarudishwa sandukuni isije ikapata vumbi. Kila mlango ambao Hemedi aliupelekea kosa lake ulimpokea kwa heshima na kumrudishia.

*

Ulibaki mlango mmoja.

Alikwenda Jumamosi mchana, bila dereva. Bi. Desderia alikuwa nje anasonga ugali. Edina alikuwa amekaa kwenye mkeka, ameruhusiwa hospitali wiki hiyo, shingo imekonda, macho bado yana umanjano.

"Shikamoo, mama," alisema Hemedi.

Mwiko uliendelea kuzunguka. "Mkurugenzi haamkii," alisema Bi. Desderia bila kugeuka. "Waraka unasema."

"Shikamoo, mama."

Akauepua ugali, akaugawa pamoja na mchuzi kwenye sahani mbili, akafuta mikono kwa khanga. "Marahaba," alisema. "Kaa."

Hemedi alikuwa na maneno, ameyapanga tangu nyumbani. Alipofungua mdomo mama yule akainua kiganja.

"Maneno yako niliyasikia kule ukumbini. Sasa ni wakati wa kula."

Edina akaleta birika na beseni, akamnawisha mgeni. Maji yalikuwa ya uvuguvugu, na kwa uzito wa birika binti ilimbidi aliweke chini mara mbili. Sahani moja ikawekwa kati ya bibi na mjukuu. Nyingine ikawekwa mbele ya Hemedi, peke yake.

Bi. Desderia akamega tonge kwenye sahani yao. Akalisogeza puani, akafumba macho, kama Hemedi alivyokuwa akifanya zamani. "Haya," akamwambia Edina, na binti akaanza kula. Hakuna tonge lililoliwa na mtoto yule tangu atoke hospitali bila neno hilo kutangulia.

Sahani ya Hemedi mama yule hakuigusa wala kuinusa.

Hemedi akauangalia ugali wake. Mvuke ulimlowesha uso, lakini haukumletea habari yoyote. Ulikuwa mweupe, hauna doa. Akasubiri. Bi. Desderia alikuwa akitafuna polepole, akiangalia mbele.

"Mama," Hemedi alisema mwishowe, na sauti ilimtoka ndogo, "ugali huu ni mzima?"

Bi. Desderia akameza kwanza.

"Siku ile nilikwambia bila kuulizwa," alisema. "Ukaniambia nifagie."

Edina alikuwa ameacha kula, anamtazama Hemedi kwa yale macho yake ya manjano, apate kuona mtu mzima naye atafanyaje. Hemedi akamega tonge, akalichovya kwenye mchuzi, akalitia mdomoni. Kisha akafunga mdomo, akaacha kupumua, akatafuna.